Mguu wa baba uliochomwa hospitali: mwili wa ufufuo ni mwili gani hasa?

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Swali lako lilikuja refu, ngoja nilifupishe ili na wengine wanaosoma wajue tunaongea nini. Umesema baba yako aliugua sukari miaka mingi, miaka mitatu iliyopita mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti, na hospitali waliuchoma kama wanavyofanya kwa viungo vyote vinavyokatwa, hamkurudishiwa. Sasa baba amefariki, mmemzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, na baba mkubwa wako hana amani, anasema "mdogo wangu kazikwa nusu, siku ya ufufuo atasimamaje?" Alafu mzee mmoja wa kanisa akajaribu kumtuliza kwa kusema mwili wa ufufuo ni wa roho, hauna miguu wala mikono, kwa hiyo asihangaike. Wewe ukabaki katikati: kama ni roho tu, mbona Yesu alikula samaki? Na Desemba mnajengea kaburi, unataka mstari wa kuandika.

Nikuambie mapema tu, kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, lakini baba mkubwa wako yuko karibu zaidi na Biblia kuliko yule mzee wa kanisa. Najua hii itakushangaza.

Tuanze na hilo neno "mwili wa roho" maana ndo mzizi wa ishu yote. Linatoka 1 Wakorintho 15:44, "hupandwa mwili wa asili; hufufuliwa mwili wa roho". Mtu akisoma hapo haraka anaona mwili uliotengenezwa kwa roho, yaani kama moshi hivi, kama upepo, kitu unaweza kupitisha mkono katikati. Lakini hebu fikiria tu Kiswahili chetu chenyewe. Ukisema jiko la udongo, unamaanisha jiko limefinyangwa kwa udongo. Ukisema jiko la mkaa, je limetengenezwa kwa mkaa? Hapana, ni la bati au la chuma, mkaa ndo unaoliwasha. Pikipiki ya umeme haijaundwa kwa umeme. Hiyo "-a" yetu inabeba maana zote mbili, ya kitu kilichotengenezea na ya kitu kinachoendesha, sisi tunajua ipi ni ipi kwa sababu tunayafahamu majiko. Kwenye mwili wa roho hatujawahi kuuona, ndo maana tunakosea.

Sasa Kigiriki cha Paulo kinatusaidia hapo. Maneno aliyotumia ni psychikon na pneumatikon, na maneno ya Kigiriki yenye mwisho wa namna hiyo mara nyingi yanaeleza kitu kina tabia gani au kinaongozwa na nini. Ukitaka kusema kimetengenezwa kwa nini, kuna mwisho mwingine wa kawaida, ndo ule wa lithinos, "-a jiwe", alioutumia Paulo mwenyewe 2 Wakorintho 3:3 kwenye vile vibao vya mawe. Na hata kama hujui Kigiriki, pima kwa akili tu: hilo "wa asili" kwa Kigiriki linatokana na neno nafsi. Kama "mwili wa roho" ni mwili uliotengenezwa kwa roho, basi na huu tulio nao leo itabidi uwe umetengenezwa kwa nafsi, na hakuna mtu anaamini hivyo, huu wa leo ni nyama na mifupa, ukijikata kwa kisu unaona. Kwa hiyo Paulo anasema huu wa leo unaendeshwa na nafsi, na nafsi inachoka, inazeeka, inakata pumzi. Ule utaendeshwa na Roho wa Mungu, ambaye hachoki. Warumi 8:11 anasema kitu hicho hicho kwa maneno mengine, kwamba yeye aliyemfufua Kristo "ataihuisha na miili yenu iliyo katika hali ya kufa, kwa Roho wake anayekaa ndani yenu". Miili yenu hii hii, mkaa mpya.

Ukitaka ushahidi zaidi, ndani ya barua ile ile, sura ya 2 mstari wa 14 na 15, anataja "mwanadamu wa tabia ya asili" na "mtu wa rohoni", na kwa Kigiriki ni maneno yale yale mawili. Huyo mtu wa rohoni ni mkristo wa Korintho anayekula, anayelala, ana viatu miguuni, sio mzimu. Na sura ya 10 anasema Waisraeli jangwani walikula "chakula kile kile cha roho" na kunywa "kinywaji kile kile cha roho", na ile ilikuwa mana waliyokuwa wanaiokota chini na maji yaliyotoka kwenye mwamba, vitu vya kutafuna na kumeza kabisa.

Nikiwa mkweli kwako, wapo wasomi wanaosema Paulo aliifikiria roho kama kitu fulani chepesi sana kama nuru ya nyota, kwa sababu kuna wanafalsafa wa zamani, Wastoiki, walifikiri hivyo, na Paulo kwenye sura hiyo anataja jua na mwezi na nyota. Ni hoja nzito, siidharau. Ila mimi inanishinda kwa sababu ya neno moja dogo. Soma mstari wa 53: "Maana sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika, nao huu wa kufa uvae kutokufa." Huu. Mara mbili kwenye mstari mmoja, na kwa Kigiriki ukihesabu hapo na mstari unaofuata linatokea mara nne. Ni kama mtu anajigusa kifua wakati anaongea. Hasemi huu utatupwa tuletewe mwingine, anasema huu utavalishwa. Huwezi kukivalisha kitu ambacho umeshakitupa.

Najua mzee wa kanisa atakuletea mstari wa 50, "nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu". Huo wanautumia sana. Lakini kwa Wayahudi "nyama na damu" ni msemo wa kumtaja binadamu katika udhaifu wake, mtu wa kufa, ndo maana Yesu alimwambia Petro "mwili na damu havikukufunulia hili", hakuwa anaongelea bucha. Na nusu ya pili ya mstari huo huo Paulo anajifafanua mwenyewe, "wala uharibifu kurithi kutokuharibika". Tatizo ni kuoza. Kuna wahubiri wengine nimewasikia wanafundisha kwamba mwili wa ufufuo una nyama na mifupa ila hauna damu, kwa sababu Yesu alitaja mwili na mifupa tu hakutaja damu. Hiyo ni kuukamua mstari mpaka utoe kitu ambacho haukuwa nacho.

Ukumbuke pia barua hii ilienda kwa nani. Korintho ulikuwa mji wa bandari, Wagiriki, na katika Wagiriki lilikuwepo wazo kubwa kwamba mwili ni gereza la nafsi, ukifa umefunguliwa, sasa nani anataka kurudishwa gerezani? Paulo alipowatajia watu wa Athene kiyama ya wafu, Matendo 17:32 inasema wengine walidhihaki. Wangependa sana kusikia habari ya roho inayopaa peke yake, hiyo wasingeicheka maana walikuwa nayo tayari. Walicheka kwa sababu alisema mwili. Kwa hiyo mzee wenu wa kanisa, bila kujua, anamfariji baba mkubwa kwa imani ya Waathene.

Sasa tuje kwenye mguu, ambao ndo moyo wa swali lako.

Fungua Luka 24. Jioni ya Pasaka, wanafunzi wamejifungia, Yesu anasimama katikati, wanadhani wanaona roho. Yeye anawaambia nini? "Tazameni mikono yangu na miguu yangu, ya kuwa ni mimi mwenyewe. Nishikeni-shikeni, mwone, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo." Mimi nimeusoma mstari huu mara nyingi sana lakini baada ya barua yako nimeusoma tofauti, maana kumbe kitu alichowaonyesha kwanza kuthibitisha kwamba ni yeye ni mikono na MIGUU. Hakusema tazameni uso wangu. Alafu walipokuwa bado hawaamini kwa furaha akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Hapo hata hakuwa na njaa ya kutufundisha theolojia, alikuwa anawatoa watu hofu kwa njia ambayo hata mtoto anaelewa: mzimu hautafuni samaki.

Lakini sio kwamba alirudi vile vile kama Lazaro. Lazaro alirudishiwa uhai huu huu wa zamani na baadaye akafa tena kama watu wote, ule haukuwa ufufuo ambao tunauongelea. Yesu milango imefungwa na anasimama katikati. Wale wawili wa Emau wanatembea naye njia nzima hawamtambui mpaka anapoumega mkate. Mariamu Magdalene anadhani ni mtunza bustani, mpaka anamwita kwa jina lake. Kwa hiyo ni yule yule na sio kama zamani, vyote viwili kwa pamoja, na kila nadharia inayochukua upande mmoja tu inaacha nusu ya habari mezani.

Na makovu yapo. Tomaso anaambiwa alete kidole. Hapa ndo watu wengi wanauliza, basi kama makovu ya Yesu yalibaki, si na baba atafufuka bila mguu? Swali hili sio jipya kabisa. Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini huko Algeria ya leo, alilijibu kwenye kitabu cha mwisho cha ule mtungo wake mkubwa juu ya Mji wa Mungu, alioumaliza kama mwaka 426. Yeye alisema mashahidi waliokatwa viungo kwa ajili ya Kristo watafufuka na viungo vyao, havitapungua, ila pale palipokatwa huenda pakaonekana alama, na alama hiyo haitakuwa kilema, itakuwa heshima, ina uzuri wake. Yaani mguu upo na historia ya mguu ipo. Mimi jibu hilo naliona limekaa sawa na habari ya Tomaso, kwa sababu mikono ya Yesu ilikuwa na alama za misumari lakini haikuwa mikono mibovu, ndo hiyo hiyo iliyoumega mkate Emau, na asubuhi ile ya kwenye ziwa, Yohana 21, wanafunzi wanashuka wanakuta moto wa makaa umeshawashwa na samaki juu yake.

Na kabla ya Augustino, kwenye Biblia ya Wakatoliki, 2 Makabayo sura ya 7, kuna ndugu saba waliouawa na mfalme kwa kukataa kula nyama ya nguruwe. Wa tatu alipodaiwa ulimi na mikono, aliinyosha mwenyewe bila kusita, akasema amevipata kutoka mbinguni na anatumaini kuvipata tena kwake Mungu. Hata wewe Mlutheri ambaye kitabu hicho hukihesabu sawa na vingine, kisome uone Wayahudi walivyoamini kabla ya Kristo kuja: viungo kabisa, kwa majina yake.

Paulo mwenyewe anatumia mbegu. "Nayo uipandayo, huupandi mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu." Unakumbuka ile kazi ya shule ya msingi, unaweka maharage kwenye kopo na pamba yenye maji, kila asubuhi mnakimbilia dirishani kuangalia? Mwaka mmoja mjukuu wangu aliletewa maharage ya dukani, moja lilikuwa limetobolewa na wadudu, kipande kimelika kabisa pembeni. Nikamwambia hilo tupa, akakataa. Likaota. Yale majani mawili mazito ya mwanzo, ambayo ndo lile harage lenyewe limefunguka, yalitoka na tundu lake pale pale mdudu alipokula. Lakini majani yaliyofuata juu yake yakatoka mazima, mapana, ya kijani, hayana tundu. Mfano ni mfano, hauthibitishi kitu, ila tangu siku hiyo nikifundisha 1 Wakorintho 15 nalileta lile harage.

Tatizo la pili la baba mkubwa ni kwamba mguu ulichomwa, hata majivu hamjui yako wapi. Hili nalo Wakristo walilipitia mapema na kwa uchungu. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa kwa mateso, miili ikaachwa nje siku sita, ikachomwa, na majivu yakafagiliwa mtoni Rhône. Barua waliyoandika walionusurika imehifadhiwa na Eusebio, mwandishi wa historia ya kanisa la zamani, na inaeleza sababu: watesi walitaka kuwanyima tumaini la ufufuo, wakisema sasa tuone kama watafufuka. Yaani wapagani walifikiri hivyo hivyo kama baba mkubwa, kwamba ukipoteza mabaki umempunguzia Mungu malighafi. Kanisa la Lyon halikuacha kukiri ufufuo wa mwili. Na karibu na sisi, Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walifungwa kwenye matete wakachomwa moto. Kila mwaka watu wanatembea kwa miguu kutoka hata Tanzania na Kenya kwenda pale, na hakuna anayesema hawa hawatakuwa na mwili kwa sababu waliungua. Muulize baba mkubwa pia kuhusu wale waliobaki chini ya maji na meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, je nao ni nusu?

Tena mwili wenyewe hata ukiwa hai hautulii. Chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120 hivi zinakufa zinatengenezwa nyingine, ngozi inabanduka, maji yanaingia na kutoka. Mguu wa baba wa mwaka aliofunga ndoa na mguu uliokatwa, kwa sehemu kubwa haukuwa na maji yale yale wala damu ile ile, lakini ulikuwa mguu wake. Kilichoufanya uwe wake ni yeye, na Mungu anayemjua yeye. Kwa hiyo hapo ndo baba mkubwa alipokosea: yuko sahihi kwamba baba atasimama kwa miguu yake, amekosea kudhani Mungu anahitaji kuipata kwenye tanuri la hospitali.

Kwa ufupi kuhusu madhehebu, maana uliuliza kwa nini jirani yenu Msabato anasema tofauti. Wasabato hawatofautiani sana na nyie kwenye mwili wenyewe, tofauti ni kipindi cha katikati: wao wanasema marehemu amelala, hana fahamu mpaka parapanda, wakati Wakatoliki na Walutheri wengi wanasema roho iko kwa Bwana ikingojea mwili. Mashahidi wa Yehova ndo wako mbali kabisa, wanafundisha Yesu alifufuliwa kama kiumbe wa roho na ile miili aliyoonekana nayo aliivaa kwa muda tu, na 144,000 watakuwa hivyo hivyo mbinguni, wengine wataishi duniani. Mimi kwenye Luka 24 sioni jinsi ya kukubaliana nao, kwa sababu "ni mimi mwenyewe" kwa mwili wa kuazima lingekuwa neno gumu. Wakatoliki wana mafundisho ya Tomaso wa Akwino wa karne ya 13 juu ya sifa nne, kwamba mwili hautaumia tena, utaitii roho kabisa, utakuwa mwepesi kwenda, na utang'aa. Ni mazuri, ila yeye aliyachota humu humu kwenye 1 Wakorintho 15 na Injili, hakuyaota.

Kitu kimoja bado kinanigusa. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepata polio utotoni, anatembea na magongo, akaniuliza darasani, "mwalimu nikifufuka natembea, nitakuwa bado mimi?" Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kinyume chake. Mwisho nikamwambia Mariamu hakumtambua Yesu kwa macho, lakini yeye Yesu alimtambua Mariamu na akamwita jina lake, na tutajulikana kwanza kabla ya kujitambua. Waraka wa kwanza wa Yohana unasema "haijadhihirika bado tutakavyokuwa", na mara moja unaendelea "tutafanana naye". Na yeye tutakayefanana naye ana makovu. Kwa hiyo miaka ya magongo ya mwanafunzi yule haitafutwa kama vile haikuwepo, na miaka mitatu ya baba kwenye kiti cha magurudumu, akioshwa na nyie, nayo sio aibu ya kufutwa.

Kuhusu kaburi, usiandike mstari mrefu, tofali la marumaru linajaa haraka. Andika 1 Wakorintho 15:53 peke yake. Na ukimpa fundi maandishi mwangalie akichonga, maana wengi wanafupisha ili herufi zitoshe: hizo "huu" mbili asiziruke hata moja.